Chumvi Nne

Neno "nne" ni fupi. Hutokea puani, midomo haina kazi kubwa. Lakini mdomo wa Bi Mwanakombo, nyuma ya kioo cha maabara ng'ambo ya uwanja, ulifunguka, ukafumbika, ukafunguka tena, kisha ukatanuka pembeni kama wa mtu anayetabasamu bila kupenda.

"Chumvi nne," Chujio, kifaa cha kuzungumzia, likasema katika sikio la Sikudhani.

Sikudhani alikuwa ameshika koki ya maji matamu. Hakuigeuza. Tangu utoto alikuwa mtu wa haya, asiyeweza kumtazama mwenzake machoni, na mwenye haya asipotazama macho hutazama mdomo. Aliijua midomo ya watu wote wa zamu yake. Alijua nne inavyokaa mdomoni.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo," akasema. "Samahani, ni nne kweli? Mbona kama umesema neno refu?"

Ng'ambo, Bi Mwanakombo alisikiliza, kisha akamtazama kwa jicho analopewa paka aliyekutwa jikoni. Mdomo wake ukaenda mbio, mkali, hata mate yakaruka kwenye kioo.

"Ni nne. Asante kwa kazi," Chujio likasema, kwa sauti ile ile ya upole liliyompa kila mtu.

Mate yote yale kwa neno asante?

Sikudhani akageuza koki. Nne ilitaka maji kidogo, naye alikuwa akiyapunguza tangu meli ya mwisho ilipofunga gati hapa Ras Mkungu. Meli zenyewe siku hizi zilileta makapi. Visima vya dunia vilikuwa vinakombwa kama sufuria iliyobaki ukoko, na mafuta ghafi yaliyopatikana yalikuja yamekumbatiana na maji, na ndani ya maji hayo mna chumvi.

Ndiyo maana ya Mtungi. Ulikuwa pipa la chuma lililolala ubavu, refu kama nyumba, na kazi ya Sikudhani ilikuwa kuulisha. Mafuta yalipashwa moto, yakatiwa maji matamu, yakapigwa mpaka maji yakawa matone madogo kama vumbi, kila tone likiramba chumvi yake. Ndani ya Mtungi umeme uliyavuta matone yakagongana, yakaungana, yakawa mazito, yakazama na chumvi yao. Juu yakabaki mafuta, chini yakatolewa maji chumvi. Ukitia maji matamu mengi mno, mji unalala na ndoo tupu, kwa sababu maji ya Mtungi na ya mji yalikuwa ya bomba moja. Ukitia machache mno, chumvi inabaki ndani ya mafuta. Huko tanurini inageuka tindikali, inapanda na mvuke hadi kileleni mwa mnara, na pale inapopoa inakula chuma.

Kipimo cha ndani ya bomba kilikuwa kimezibwa na tope la makapi hayo, kikafa. Kilibaki kipimo cha maabara, na mdomo wa Bi Mwanakombo wa kukisema, na Chujio la kukifikisha.

*

"MAFUTA TUNAYATOA MAJI NA CHUMVI. MANENO PIA." Ndivyo ilivyoandikwa langoni, juu ya sanduku ambamo kila mfanyakazi alichukua Chujio lake, kipande kimoja cha kuziba masikio na kingine cha kukaa kooni. Kiwandani palikuwa na ngurumo isiyokwisha, hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake kwa sikio tupu. Chujio lilichukua neno kooni mwako, likatoa maji, yaani maneno ya kuzungukazunguka, likatoa chumvi, yaani yale mtu anayoyakuza, kisha likafikisha kilichobaki.

Lililetwa baada ya maafa ya ngazi. Siku hiyo bomba dogo la mvuke lilifyatuka mnarani, na mtu mmoja akapiga kelele: "Tumekwisha! Mnara unalipuka!" Mnara haukulipuka. Mvuke haukumuunguza mtu hata mmoja. Lakini ngazi ya kushukia ilikuwa moja, nyembamba, na watu walikanyagana humo mpaka waliokuwa chini hawakuinuka. Athmani, mtoto wa kwanza wa Bi Mwanakombo, alikuwa chini.

Sikudhani alilipenda Chujio. Nje ya ukuta sauti yake ilikuwa ndogo, watu walimwambia "eeh?" mpaka akakata tamaa ya kusema. Humu ndani sauti yake ilikuwa sawa na ya kila mtu. Ndiyo maana ilimuuma kulishuku. Akaona afadhali awashuku watu.

Akaanza na Bwana Shekuwe, msimamizi wa zamu. Alikuja kwenye Mtungi mchana ule, mrefu, shati limenyooshwa, na kama kawaida yake kiganja kimefunika mdomo.

"Sikudhani, mji unakushukuru," Chujio likasema kwa niaba yake. "Maji yanatosha."

"Bwana Shekuwe, maabara wananificha kitu. Yule mama anasema jingine, mimi nafikishiwa jingine. Na juu ya mnara kila siku wachomeleaji wanapanda na viraka. Viraka vya nini, kama chumvi ni nne?"

Mabega ya Shekuwe yakatikisika.

"Nimefurahi," likasema Chujio.

Alikuwa anacheka, basi. Sikudhani aliujua mzaha huo bila kuusikia. Katika kibanda cha chai, mbali na ngurumo, mahali pekee ndani ya ukuta paliporuhusiwa kuvua Chujio, wenzake walimwimbia: "Jina Sikudhani, kazi kudhani!" Shekuwe peke yake hakuwahi kukanyaga kibandani. Chai yake aliinywa ofisini, mlango umefungwa.

"Viraka ni matengenezo. Wageni wanakuja wiki ijayo," kiganja kikaendelea. "Kipimo ni nne. Endelea."

Akaondoka. Sikudhani akabaki akiutazama mgongo wake. Mtu asiye na la kuficha hufunikia nini mdomo? Na mbele ya nani, kama si mbele ya yule anayejua kusoma midomo?

*

Alhamisi asubuhi Hidaya alipita karibu na Mtungi, kofia ya kuchomelea imening'inia begani. Alikuwa binti wa Bi Mwanakombo, mchomeleaji, aliyebaki kwa mama yake baada ya Athmani. Zamani walikuwa wakipungiana mkono. Leo, kama siku zote za karibuni, Hidaya aliangalia pembeni, akapanda ngazi ya mnara. Nyuma yake walipanda wapaka rangi, kundi zima, makopo mkononi, kuupamba mnara kwa ajili ya wageni.

"Chumvi nne," likasema Chujio.

Ng'ambo mdomo ukafunguka, ukafumbika, ukafunguka, ukatanuka.

Sikudhani aliacha koki. Alivuka uwanja, akaingia maabara bila kubisha, na kabla haya hazijamkamata akainua vidole vinne mbele ya uso wa Bi Mwanakombo.

Yule mama akavitazama. Akatikisa kichwa. Kisha akainua mikono yake yote miwili, vidole vyote, akaifumba. Akaiinua tena. Akaifumba. Tena. Tena.

Arobaini.

Walitazamana machoni, na safari hii Sikudhani hakukwepa. Bi Mwanakombo akavua Chujio, kosa la kufukuzwa kazi, akalifunika kwa taulo. Sikudhani akafanya vivyo hivyo. Mlango ulikuwa mzito, ngurumo ya nje ikawa kama ya mbali.

"Arobaini tangu meli ile ifike!" Sauti ya yule mama ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, Sikudhani alikuwa ameisahau. "Nakupigia kelele, mtoto wewe, ongeza maji, ongeza maji! Unanijibu nini? 'Sawa.' Jana nimekutukana mpaka nikamwomba Mungu msamaha. 'Sawa'!"

"Mimi naambiwa nne, Bi. Na asante kwa kazi."

"Asante?" Bi Mwanakombo alishika kiuno. "Mimi nikushukuru wewe! Nyumbani tunakuteta kila siku. Mimi na Hidaya, chakula hakishuki bila kukuteta. Tukasema huyu katumwa, huyu na Shekuwe wake, wanaubana Mtungi maji wapate sifa mjini."

"Na mimi nilidhani wewe na Shekuwe."

"Astaghafirullah."

Kila mmoja alimwona mwenzake upya, kama mtu aliyewashiwa taa usoni. Kisha Sikudhani akasema polepole, akijaribu wazo kama anayejaribu ngazi mbovu: "Hapa hajawahi kusema mtu arobaini."

"Wapi! Ya juu niliyowahi kuisoma ni sita."

"Basi Chujio limesikia arobaini, likaona unatia chumvi. Likaitoa."

Bi Mwanakombo akakaa juu ya kigoda. Alicheka mara moja, kicheko kikavu, halafu mkono ukaenda kifuani.

"Hidaya anasema bomba la kileleni limekuwa kama ungo. Wakiziba tundu hapa, linafunguka pale. Leo wamepanda kundi zima. Mwite Shekuwe azime tanuri!"

Sikudhani akavaa Chujio. "Bwana Shekuwe, zima tanuri sasa hivi! Chumvi ni arobaini, bomba la juu limeliwa, litapasuka na watu wako juu yake!"

"Nimepokea," likajibu Chujio. "Tanuri tutalikagua kesho."

"Kesho, anasema."

"Sema kwa wote," akasema Bi Mwanakombo. "Waambie wa juu."

Ukisema kwa wote, neno lako hukurudia na wewe sikioni, kwa kuwa nawe ni mmoja wa wote. Sikudhani hakuwahi kusema kwa wote. Alibonyeza kipande cha kooni, akapima kila neno, akayasema bila haraka: "Mlio mnarani, bomba la juu limeoza. Shukeni sasa, mmoja mmoja, msikimbie."

Chujio likamrudishia: "Mlio mnarani, bomba la juu litakaguliwa. Msikimbie."

Yale yalikuwa maneno yake, yameoshwa, yakiongea kwa utulivu kuliko yeye. Dirishani aliwaona wapaka rangi wakiendelea kupaka.

Ukutani, karibu na mlango, palikuwa na kisanduku chekundu chenye kioo. Ukivunja kioo kinalia king'ora, na king'ora hakipiti katika Chujio. Hupasua masikio ya kila mtu kwa pamoja. Sikudhani akanyoosha mkono.

Bi Mwanakombo akaudaka. Kucha zake ziliingia.

"Ngazi ni ile ile," akasema. "Ile ile moja. Hawakuongeza ya pili, walituletea Chujio. Kikilia hiki, watashuka wote kwa mkupuo. Mimi nimeshamzika mmoja wa ngazi ile. Usinifanyie."

"Na wasiposhuka?"

Bi Mwanakombo akaukaza ule mkono.

Sikudhani alitazama juu. Akiwaacha, bomba litawaua. Akiwaambia ukweli kwa king'ora, ngazi itawaua. Ukweli wa mdomo ulikuwa hautoki, umewekewa mlinzi. Akawaza ni neno gani mlinzi huyo asingelikuta na kitu cha kutoa. Neno dogo, la kila siku, lisilo na haraka wala woga.

"Bi, nitasema uongo."

"Uongo gani?"

Akabonyeza kooni. "Mlio mnarani, chai iko tayari. Leo kuna mahamri."

Chujio likarudisha: "Mlio mnarani, chai iko tayari. Leo kuna mahamri."

Neno kwa neno. Uongo wake ulikuwa safi kuliko ukweli wote aliousema mwezi ule.

Kule juu brashi zikawekwa chini. Mtu wa kwanza akaanza kushuka, kisha wa pili. Walishuka kwa raha, mmoja akisimama katikati kujifuta rangi, mwingine akimngoja. Hakuna anayekimbilia chai. Bi Mwanakombo alikuwa anauma ncha ya mtandio. Kileleni, mahali rangi mpya ilipoishia, uzi mweupe wa mvuke ulianza kutoka kwenye bomba, mwembamba kama wa sindano.

"Wahimize!"

"Nikiwahimiza, Chujio litayatoa." Sikudhani akafikiri, akabonyeza tena. "Mahamri ni machache."

Likapita kama lilivyo. Na ngazini, aliyekuwa akijifuta rangi akaacha kujifuta. Wakaongeza mwendo, wamepangana, kila mtu na kidato chake, kama watu wanaojua kwamba aliye nyuma atakuta sahani tupu lakini wana adabu ya kutomsukuma aliye mbele. Mguu wa mwisho ukagusa uwanja.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanakombo. Halafu akazihesabu nyuso kwa macho, na rangi ikamtoka. "Hidaya yuko wapi?"

Kileleni cheche za buluu zilikuwa bado zinaruka.

Yule mama akajipiga paji la uso. "Amefunga! Analipa siku zake za Ramadhani. Mwenyewe nimemwamsha daku. Chai itamshusha nini aliyefunga?" Akalinyakua Chujio lake chini ya taulo. "Hidaya! Shuka, mwanangu, shuka haraka utakufa!" Akasikiliza. "Anasema, 'Nami nakupenda, mama.'"

Sikudhani alikuwa ameshatoka mlangoni.

*

Alivua Chujio kwenye kidato cha kwanza, akaliacha hapo. Ngurumo ikamwingia masikioni kama maji. Hakuwahi kukisikia kiwanda kwa karibu kwa sikio tupu, na alipopanda alianza kutenganisha sauti zake: tanuri linalonguruma, pampu zinazogonga, na juu kabisa, ya tatu, mluzi mwembamba usiopumua.

Ngazi ilikuwa tupu. Alipanda akiwa ameshika reli pande zote mbili, na hakutaka kuwaza nani aliwahi kuishika hapo.

Hidaya alikuwa amepiga magoti chini ya bomba, uso ndani ya kofia, akiziba tundu. Hakuona uzi mweupe juu ya kichwa chake. Sikudhani alimgusa bega. Hidaya akageuka, akainua kofia, na kumwona ni nani. Uso ukajikunja.

Mdomo wake ukasema: Umefuata nini wewe?

Sikudhani alinyoosha mkono, akamvua Chujio. Hidaya akashtuka kwa kelele, akataka kusimama. Sikudhani akamshika mashavu yote mawili, akamgeuza uso juu, akamwonyesha.

Hidaya aliangalia mvuke. Mkono wake ukazima moto wa kuchomelea bila yeye kuangalia chini.

"Polepole," Sikudhani akamwambia sikioni, kwa sauti yake ndogo. Ilisikika. "Ngazi ni yetu peke yetu."

Walishuka wameshikana mikono, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakitafuta kila kidato kwa unyayo. Walikuwa wamevuka nusu ya uwanja bomba lilipopasuka. Haukuwa mlio mkubwa kama alivyoutarajia. Ulikuwa kama kanga inayochanwa, kanga kubwa kuliko mji. Wingu jeupe lilifunika kilele chote, rangi mpya ikachubuka kama ganda la yai, na upepo ukalisukuma wingu upande wa bahari, mbali na tanuri. Mtu mmoja alikuwa anakimbia kuelekea kwenye tanuri hilo, shati limenyooshwa. Shekuwe. Alining'inia kwenye mpini wa kulizima kwa uzito wake wote, na ngurumo ikaanza kufa.

Kwa mara ya kwanza Ras Mkungu pakawa kimya.

Kwenye kibanda cha chai watu walikuwa wamesimama nje, vikombe vitupu mkononi, Machujio yamening'inia shingoni. Mpaka rangi mmoja, ambaye mzaha ulikuwa umemkwama kinywani kabla ya mlipuko, akaumalizia kwa kuwa hakujua la kufanya nao.

"Sasa mahamri yako wapi, muongo we?"

Bi Mwanakombo alikuwa amemkumbatia bintiye na hakumwachia.

Kutoka kwenye Machujio yote shingoni ikasikika sauti ndogo, ya pamoja, ya upole: "Kuna mvuke kidogo mnarani. Endeleeni na kazi."

Shekuwe alikuja akitembea. Mikono yake ilikuwa imeungua kwa mpini, lakini kiganja kimoja kilikuwa kimerudi mdomoni. Alisimama mbele ya Sikudhani, koo likacheza, akangoja jibu. Sikudhani akamwonyesha masikio yake matupu. Shekuwe akaashiria: livae. Sikudhani akatikisa kichwa. Alikuwa na maneno ya mwezi mzima tayari, nani alikwambia kesho, ulificha nini, viraka vile uliviona, na hakutaka hata moja lioshwe.

Watu wote walitazama. Shekuwe akaangalia mnara, akaangalia ngazi, akamwangalia Hidaya akipumua begani kwa mama yake.

Akashusha kiganja. Akavua Chujio.

Midomo yake ilianza kabla ya sauti. Ilishikana, ikatetemeka, ikashikana tena, na mishipa ya shingo ikasimama kama ya mtu anayeinua gunia.

"N-n-n-nilisikia n-nne," akasema. "N-nawe nilisikia u-u-unaomba tanuri li-likaguliwe. K-kwa wakati w-wako."

Miaka yote waliyokaa naye, na hakuna aliyejua. Sikudhani aliutazama mdomo ule uliofichwa, akaona hakuna ndani yake alichokuwa amekishuku. Palikuwa na mtu aliyelipenda Chujio kwa sababu ile ile yake.

Maneno ya mwezi mzima yakamwishia kinywani.

Shekuwe alikuwa bado anahangaika na neno jingine. Jasho lilimtiririka. Walingoja, kila mtu, hakuna aliyemsaidia wala kumkatiza.

"Si-si-si..." Akafumba macho. "Sikudhani."

Haikujulikana kama alikuwa anamwita jina lake au anamwambia yaliyokuwa moyoni. Aliyeitwa hakuuliza.

"Abee," akaitika, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya kibanda.